Goti limevimba, daktari anauliza habari za tumbo

Daktari alikuwa ameshika goti la mdogo wangu kwa mikono miwili, goti limejaa maji mpaka pia ya goti huioni, na swali la kwanza lililomtoka halikuhusu goti hata kidogo.

"Mwezi uliopita tumbo lako lilikuwaje?"

Mdogo wangu akanitazama mimi. Nilikuwa nakumbuka vizuri, maana mimi ndo nilimuuguza. Wiki tatu kabla ya hapo aliharisha siku nne mfululizo na homa juu, akawa anakunywa maji ya chumvi na sukari, ikapita, tukasahau, kila mtu akaendelea na mambo yake. Halafu asubuhi moja akashindwa kushuka kitandani kwa sababu ya goti, na hakuna mtu pale nyumbani aliyewaza kwamba hivyo vitu viwili vinaweza kuwa na undugu.

Daktari yeye aliwaza, tena kabla hajaagiza kipimo chochote.

Nilikaa kwenye kile kiti cha msindikizaji, mikono yangu nimeikunja mapajani kama ninavyoikunjaga siku ikiwa na baridi, na kuna kitu kikanikaa kifuani ambacho hakijatoka mpaka leo. Mimi mwenyewe nina baridi yabisi, ile ya rumatoidi, ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwenyewe, mwaka wa 6 sasa. Na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza habari za tumbo.

Goti la mdogo wangu

Ugonjwa wake una maelezo yaliyonyooka, naomba nianze na huo.

Kuna bakteria wachache wanaojulikana kwa hii kazi: Salmonella, Shigella, Campylobacter, Yersinia (na Chlamydia, ila huyo anapitia njia ya mkojo na uzazi, sio tumboni). Unaugua tumbo, unapona, na kati ya wiki 1 mpaka 4 baadaye kiungo kinavimba, mara nyingi goti au kifundo cha mguu, wengine na macho yanawasha na kuwa mekundu. Ukichomwa sindano wakavuta yale maji ya gotini wakayapeleka maabara, hakuoti kitu. Bakteria mzima hayumo. Watafiti wamewahi kukuta vipande vyake tu ndani ya seli za yale maji, mabaki, lakini mwenyewe hayupo.

Hapo ndo nilipoduwaa. Vita ilikuwa tumboni, ikaisha, na askari wa kinga ya mwili bado wanapiga gotini ambako adui hayupo.

Na sio kila anayeharisha anapata hayo, wengi sana wanaharisha na viungo vyao vinabaki salama. Kuna jeni moja inaitwa HLA-B27, mwaka 1973 timu mbili, moja London na nyingine Los Angeles, ziligundua kwamba karibu wagonjwa wote wa ile baridi yabisi ya uti wa mgongo wanayo, na baadaye ikaonekana hata hii ya baada ya kuharisha inawapata zaidi wenye jeni hiyo, na huwachukua muda mrefu zaidi kupona. Mdogo wangu alipimwa, anayo.

Yake imeisha. Miezi mitano, dawa za kutuliza uvimbe, na sasa anakimbia.

Yangu haiishi.

Usiku wa kusoma

Sijalala vizuri wiki kadhaa baada ya ile siku, nitakuwa mkweli. Kila nikishalaza watoto naingia mtandaoni nasoma, na nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: kama tumbo liliweza kumfanyia vile mdogo wangu, je na mimi ni tumbo? Kuna mdudu wangu mahali, mwenye jina, ambaye daktari akimjua atamtoa na mimi nitafunga vifungo vya shati langu mwenyewe?

Na nikakuta vitu, tena vizito.

Nikakuta panya. Mwaka 1994 watafiti Marekani walikuwa na panya waliowekewa ile jeni ya HLA-B27 ya binadamu, panya ambao kwa kawaida wanaugua utumbo na viungo. Wakawalea kwenye mazingira yasiyo na kijidudu hata kimoja, yani tumbo tupu kabisa, hakuna bakteria. Hawakuugua utumbo, hawakuugua viungo. Jeni ni ile ile, mwili ni ule ule, kilichokosekana ni bakteria tu. Mwaka 2010 wengine wakafanya na panya wa aina tofauti: wakiwa hawana vijidudu ugonjwa wa viungo unapungua sana, wakipewa aina moja tu ya bakteria wa utumboni, wale wanaofanana na nyuzi, ugonjwa unarudi kwa kasi.

Nilisoma hiyo nikainuka kitandani nikaenda kukaa jikoni gizani.

Halafu nikakuta watu. Mwaka 2013, New York, timu ya José Scher na Dan Littman ilipima kinyesi cha watu 114, wakiwemo watu waliokuwa ndo kwanza wanaanza rumatoidi, hata dawa hawajaanza. Asilimia 75 ya hao wapya walikuwa na bakteria anaitwa Prevotella copri. Kwa watu wazima wa afya ilikuwa kama asilimia 21 hivi. Soma tena hizo namba uone kwa nini sikulala.

Na mwaka 2022 ikaja nyingine, ya Colorado, hii ndo iliyonishika zaidi. Walianza upande wa kingamwili, zile zinazoshambulia mwili wa mwenyewe, wakauliza hizi kingamwili zinamtambua bakteria gani wa tumboni, wakamfuata mpaka wakamtoa kwenye kinyesi cha mtu aliyekuwa kwenye hatari ya kuugua. Wakawapa panya bakteria huyo kwa njia ya mdomo. Panya wakavimba miguu. Mtafiti aliyeongoza kazi ile, Meagan Chriswell, ni Mcherokee, na bakteria akapewa jina linalotokana na neno la Kicherokee la ugonjwa wa viungo: Subdoligranulum didolesgii.

Nilijifunza kulitamka lile jina. Nilikuwa nalitamka peke yangu kama mtu anayejifunza jina la aliyemwibia.

Lakini

Sikusoma vizuri. Nilisoma kwa njaa, na ukisoma kwa njaa unaruka mistari.

Kwenye ile kazi ya New York kuna mstari niliuruka mara ya kwanza: wagonjwa wa rumatoidi wa muda mrefu, wanaotumia dawa, Prevotella kwao alikuwa kwa asilimia kama 11 au 12, chini hata ya wazima. Sasa hapo unasemaje? Dawa zimempunguza? Au yeye anapenda tumbo la mtu ambaye uvimbe ndo kwanza unaanza, anakuja kwa sababu mazingira yamebadilika, hajasababisha chochote? Kuku na yai. Na asilimia 21 ya wazima wanaye na wanatembea zao.

Na yule wa Colorado hakupatikana kwa wagonjwa wote, alikutwa kwa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo hata kama ana hatia, ana hatia kwa baadhi yetu.

Kingine, na hiki kilinichukua muda kukikubali: kingamwili za rumatoidi zinaweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kidole hata kimoja hakijauma. Miaka. Kwa hiyo kama kuna kitu kilitokea tumboni kwangu, kilitokea kipindi ambacho nilikuwa naruka kamba na kubeba ndoo na sina habari. Na huenda hata hakikuanzia tumboni, maana wapo wanaofuatilia fizi, kuna bakteria wa ugonjwa wa fizi anaitwa Porphyromonas gingivalis ambaye ana kimeng'enya cha kubadilisha protini kwa namna ile ile ambayo kingamwili zetu zinaichukia. Wengine wanafuatilia mapafu na sigara.

Nilitaka mlango mmoja, nikakuta nyumba ina milango mingi na yote iko wazi nusu.

Nilichokifanya

Hapa nitasema nilichokifanya kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii na kidole chake kiko kwenye kitufe cha kununua.

Usiku ule ule wa kusoma nilikuwa nakutana na wale wengine pia, wa klipu za mtandaoni. Safisha utumbo, utumbo wako unavuja, viungo vitapona vyenyewe. Wanaongea kwa uhakika ambao hakuna mtafiti hata mmoja niliyemsoma anao. Na ubaya ni kwamba hawadanganyi kila kitu, wanachukua kipande cha kweli, kwamba utando wa ndani wa ukuta wa utumbo ni safu moja tu ya seli na kwamba kwa wagonjwa kama sisi kuna dalili unalegea, halafu wanaruka kutoka hapo mpaka kwenye chupa wanayouza.

Nikanunua chupa. Probayotiki, yani bakteria wazuri wa kumeza, na unga wa kusafisha.

Na nikaacha kidonge cha njano.

Natumia dawa mbili, methotreksati mara moja kwa wiki na sulfasalazini kila siku, hizo ndo za njano, zinageuza mkojo rangi ya machungwa mpaka mara ya kwanza nilipiga kelele chooni. Methotreksati sikuigusa, niliogopa. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba ndani ya sulfasalazini mna ndugu wa antibayotiki, nikasema basi, huyu ndo anayeniulia bakteria wazuri kila siku asubuhi na jioni, halafu nategemea probayotiki ifanye kazi vipi? Nikaziweka kabatini. Sikumwambia mtu.

Wiki ya kwanza nilijisikia mwepesi. Wiki ya pili nikasema mwili unajisafisha. Wiki ya tatu, Jumatatu, mwanangu ananiletea shati la shule nimfunge kifungo cha shingoni, nikakishika kwa kidole gumba na cha shahada, kikateleza, nikakishika tena, kikateleza, vidole vimevimba kwenye fundo la kati vinang'aa kama vimepakwa mafuta, na mtoto amesimama kidevu juu ananisubiri bila kusema kitu.

Akaenda na kifungo wazi.

Nani anakifungua

Nilirudi kwa daktari wangu wa viungo nikamweleza kila kitu. Nilitegemea ukali. Akanyamaza kidogo, akavuta karatasi, akachora mviringo na mviringo mwingine, katikati kamstari.

"Dada, unajua hiki kidonge cha njano kinafunguliwa na nani?"

Nikasema tumbo.

"Tumbo haliwezi. Kikishuka bila kufunguliwa hakina maana. Kinafunguliwa na bakteria."

Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu hii habari ilinibadilisha kuliko zile namba zote.

Sulfasalazini ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: kimoja ni wa ukoo wa aspirini, kingine ni salfa, ya ukoo wa antibayotiki za zamani. Kamba inayoviunganisha mwili wa binadamu hauna mkasi wa kuikata. Sehemu kubwa ya dawa inashuka nzima mpaka utumbo mpana, na huko ndo inakutana na bakteria ambao wao wanao huo mkasi, wanaikata, vile vitu viwili vinaachana, na kile cha salfa kinaingia kwenye damu na ndicho kinachoaminika kusaidia viungo. Mwaka 1972 watafiti walithibitisha kwa panya wasio na vijidudu: wakipewa dawa, haikatiki. Inapita kama ilivyoingia.

Yani nilikuwa nimeacha dawa ili niwalinde bakteria, na ni wao waliokuwa wananifungulia dawa kila siku kwa miaka 6.

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje nusu saa nzima.

Baadaye nikasoma ilivyotengenezwa, na hiyo historia inanigusa. Ni daktari wa Sweden, Nanna Svartz, mwanamke aliyekuwa profesa kwenye chuo cha udaktari cha Karolinska tangu 1937, enzi ambazo wanawake hawakuwa wanapewa hivyo vyeo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 yeye aliamini baridi yabisi inaletwa na bakteria, ndo maana akataka dawa inayobeba cha kuua bakteria na cha kutuliza uvimbe kwa pamoja. Ikaonekana inasaidia sana wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Kwa viungo, wengine walipoijaribu miaka ya 1940 wakasema haifai, ikawekwa pembeni kwa upande wetu miaka mingi, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 Uingereza walipoirudia upya na kukuta inafanya kazi. Kwa nini hasa inafanya kazi, mpaka leo wanabishana.

Alikuwa anafikiria bakteria kama adui wa kupigwa. Akatengeneza dawa ambayo bila bakteria haifunguki.

Kutafuta wa kumlaumu

Nimegundua kwamba wazo la tumbo na viungo ni la zamani, na limewahi kuumiza watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wakubwa waliamini kuna sehemu mwilini zinazomwaga sumu ya vijidudu, wakawa wanang'oa meno ya wagonjwa wa baridi yabisi, yote, na London kulikuwa na mpasuaji, Arbuthnot Lane, alikuwa anawakata watu utumbo mpana akiamini uchafu uliokaa humo ndo unaoharibu mwili mzima. Walikuwa na kipande cha kweli mkononi. Meno hayakurudi.

Na hata sasa, kwa nia njema na kwa utafiti wa kueleweka, bado hatujui kuponya viungo kwa kupitia tumbo. Wadenmaki walijaribu kwa wagonjwa wa ile baridi yabisi inayoambatana na soriasisi, ugonjwa wa ngozi, watu 31, nusu wakahamishiwa kinyesi cha mtu mzima wa afya mpaka kwenye utumbo mwembamba, nusu wakapewa cha kuigiza, wakawafuatilia wiki 26. Matokeo yalitoka 2021. Waliohamishiwa kweli, matibabu yaliwashinda watu 9 kati ya 15. Wa kuigiza, 3 kati ya 16. Nilisoma mara tatu nikidhani nimegeuza namba. Sikuwa nimegeuza.

Kuna matokeo ya kutia moyo pia, siwezi kuyaacha. Wanorwei mwaka 1991 walichukua wagonjwa 53 wa rumatoidi, nusu wakafunga kula siku 7 mpaka 10 kisha wakakaa kwenye mlo wa mimea kwa mwaka, na wakapata nafuu kuliko waliokula kama kawaida. Mimi nakula nyuzinyuzi zaidi siku hizi, sio kwa kuwa nimeahidiwa kitu, ila bakteria wanapozichachua zinatoka asidi zinazolisha ule ukuta wa utumbo na zinaonekana kuipoza kinga. Naona ni adabu tu kuwalisha wanaokufanyia kazi.

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Shangazi yangu, kila akiniona mikono, ananiuliza, "Mwanangu, ulikula nini?" Anauliza kwa upendo na analia kweli akiniuliza. Na mimi miaka yote nilikuwa nahesabu, nilikula nini, nilikunywa antibayotiki ngapi utotoni, nilikosea wapi. Zile klipu zilinishika kwa sababu zilinijibu swali la shangazi. Zilisema ndiyo, ulikosea, na hii hapa njia ya kujirekebisha.

Jumapili iliyopita aliniuliza tena. Nikamwambia shangazi, sikula kitu. Akanishika vidole kimoja kimoja mpaka akamaliza vyote kumi, akasema haya.

Kikopo

Nimerudi kwenye vidonge vya njano, wiki ya 7 sasa. Kifungo cha shingoni bado kinanishinda asubuhi sana, nikisubiri saa moja kinakubali.

Na lile swali ambalo sikuwahi kuulizwa, nimelijibu hata hivyo. Nilipokuwa natoka siku ile daktari aliniambia kuna watu wanakusanya sampuli za kinyesi za wagonjwa wa rumatoidi, kila miezi mitatu kwa miaka miwili, kuangalia bakteria wanabadilikaje ugonjwa ukipanda na ukishuka, akaniambia mapema kabisa kwamba mimi binafsi sitapata faida yoyote na huenda hata majibu yangu sitayaona. Nikasaini. Kwenye fomu kuna sehemu wanauliza: katika miezi 3 iliyopita umewahi kuacha dawa yoyote kwa zaidi ya wiki moja, na kwa nini. Wameacha mistari miwili tu ya kujibu, nikaandika mpaka pembeni ya karatasi.

Kikopo chenyewe kina mfuniko wa bluu wa kuzungusha, umekazwa kweli kweli. Mwanangu ndo alinifungulia, nikakipeleka Jumanne.